Jinsi ya kushuka ndani ya nafsi yako kwa njia ya Carl Jung bila kuachia kamba

Kabla hujaenda kununua daftari ngoja nikuambie kwanza huyu mzee alikuwa nani, maana njia hii yote imetoka kwenye maisha yake mwenyewe, hakukaa ofisini akaibuni kwa ajili ya wagonjwa alafu yeye akaenda zake kulala. Carl Gustav Jung kazaliwa Uswisi tarehe 26 Julai 1875, kijiji kinaitwa Kesswil, baba yake mchungaji, na upande wa mama ndo usiseme, wachungaji wamejaa ukoo mzima. Sasa huyu mtoto wa mchungaji alipokuwa darasa la kipaimara akawa anaisubiri kwa hamu mada ya Utatu Mtakatifu, aliona hapa ndo penye nyama, siku ilipofika baba yake akamwambia hii tuiruke tu, mimi mwenyewe kusema ukweli siielewi. Jung alimheshimu kwa kutodanganya lakini lile jibu lilimkaa, akaona baba anahubiri kila Jumapili kitu ambacho hajawahi kukionja. Ukitaka kuelewa kwa nini baadaye alikaa miaka mingi akibishana na watu aliowaona kichwani mwake na kuwachora, anzia hapo. Hakutaka kusimuliwa.

Akasoma udaktari Basel, Desemba 1900 akaanza kazi Burghölzli, hospitali ya magonjwa ya akili kule Zürich, 1907 akaenda Vienna kuonana na Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi ya mtu kwa mazungumzo, wakapiga stori saa kumi na tatu, Freud akaona huyu ndo mrithi wangu, na mwanzoni mwa 1913 ule urafiki ukafa kwa barua. Hapo Jung ana miaka 37, jina analo, mke wake Emma katoka familia yenye uwezo, watoto wapo, nyumba nzuri Küsnacht kando ya ziwa la Zürich, na ndani kumevurugika vibaya. Alichofanya kuanzia hapo kwa miaka kama kumi na saba hivi ndo somo letu.

Mimi sio mtaalamu wa saikolojia, nauza vifaa vya umeme, nimeifanya hii kitu miaka minne na nimekosea karibu kila hatua kwa hiyo naandika ili we ukosee kidogo.

Funga kamba kwanza

Kwetu visima vilichimbwa kwa mkono. Anayeshuka anafungwa kamba, juu wanabaki watu wawili wameishika, na nakumbuka fundi mmoja kabla ya kushuka alikuwa anawaangalia usoni hao wa juu, mmoja baada ya mwingine, akiona mtu anachekacheka anasema huyu atoke aje mwingine.

Jung alijua vizuri anakoshuka maana ni kule kule alikoona wagonjwa wake wamezama, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anashuka kwa hiari na anataka kurudi. Na kilichomrudisha anakitaja mwenyewe, wala sio kitu cha ajabu: nina cheti cha udaktari cha chuo cha Uswisi, nina wagonjwa lazima niwasaidie, nina mke na watoto watano, nakaa Seestrasse namba 228, Küsnacht. Alikuwa anajikumbusha hayo kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama funguo ipo. Alimtaja Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani aliyeishia kurukwa na akili, kama mfano wa mtu aliyepeperuka kwa sababu hakuwa na kitu chini ya miguu zaidi ya mawazo yake. Mchana wagonjwa, chakula na familia, usiku ndo daftari.

(Na tuwe wakweli, kamba ya Jung ilishikwa na Emma. Nyumba inaenda, watoto wanakula, mzee yuko chumbani anaongea na nabii. Na hakumrahisishia maisha, maana kipindi hicho hicho alikuwa na mwanamke mwingine, Toni Wolff, na Emma anajua. Watu wengi wanaomsifia Jung hii sehemu wanaipita mbio.)

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya ndoto yoyote: ukurasa wa kwanza wa daftari andika kamba yako. Jina lako, unapokaa, nani anakutegemea, kesho saa ngapi unatakiwa uwe wapi. Ya kwangu iliandikwa hivi: nakaa chumba cha pili kushoto ukiingia getini, kodi inaisha mwezi wa tatu, mama anasubiri dawa ya presha, kesho saa moja na nusu nafungua duka. Basi. Kila ukimaliza kikao unarudi kuusoma huo ukurasa, kwa sauti kama uko peke yako.

Na kama huna kamba sa hivi usishuke. Yani kama umefiwa wiki hii, kama hujalala siku tatu, kama tayari unasikia sauti ambazo hujaziita, kama unavuta au unakunywa ndo uweze kukaa mwenyewe, au daktari alishakuambia una tatizo la akili, achana na daftari nenda kaongee na daktari wa magonjwa ya akili hospitali ya rufaa. Jung mwenyewe alikuwa daktari wa hao, asingekushauri tofauti.

Rudia mchezo wako wa utotoni

Hii hatua watu wanaidharau na mimi niliidharau, nikapoteza miezi.

Jung alipokwama baada ya Freud alijaribu kuchambua maisha yake yote kitaalamu, akapitia mara mbili, hakupata kitu. Akasema sawa, kama sijui cha kufanya nitafanya chochote kitakachonijia. Kikamjia kitu cha aibu kidogo, akakumbuka akiwa na miaka kumi, kumi na moja, alikuwa anapenda kujenga vinyumba vya mawe na matope. Na hapo fikiria, daktari mkubwa wa Zürich, mrefu, na miwani, anamaliza kula mchana anaenda ufukweni mwa ziwa anaokota vijiwe anajenga kijiji, kibanda hiki, kibanda kile, na kanisa, mpaka mgonjwa wa kwanza wa mchana afike. Jioni akimaliza wagonjwa anarudi kuendelea. Lilimuuma kufanya hivyo lakini anasema ndo kulikofungua mlango, mawazo yakaanza kutiririka wakati mikono inafanya kazi.

Kuna kingine cha utotoni alikikumbuka. Akiwa na miaka kama kumi alichonga kijitu kwenye ncha ya rula, kina koti refu, kofia ndefu na viatu vyeusi vinavyong'aa, akakikata, akakiwekea kitanda kwenye kasha la kalamu, akakishonea na koti la sufi, akakiwekea na jiwe laini la mto Rhine alilolipaka rangi, alafu akaenda kukificha darini juu ya boriti ambako watoto walikatazwa kupanda. Akiwa na shida nyumbani au shuleni anakumbuka kijitu chake kiko salama, anatulia. Mara moja moja anampelekea vijikaratasi vyenye maandishi ya siri. Hakumwambia mtu.

Sasa we ulikuwa unafanya nini? Magari ya waya? Kupikapika kwenye vikopo? Ng'ombe wa udongo? Kuchora barabara kwenye mchanga na kijiti? Kifanye hicho hicho, nusu saa, kwa mikono, wiki mbili, bila kukitafutia maana. Mimi nilikuwa natengeneza magari ya waya, kumi na mawili ya mwanzo yalikuwa mabaya kuliko ya nilipokuwa darasa la tatu. Mwenye nyumba alinikuta uani nakunja waya akaniuliza mtoto wako ana miaka mingapi nikasema nane. Sina mtoto wa miaka nane.

Daftari, na kwa nini simu ikae mbali

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu ya kawaida. Sio daftari la zawadi lenye maua. Jung alianzia kwenye madaftari ya kawaida yenye jalada jeusi, humo ndo aliandika haraka haraka yanavyokuja, na ndo baadaye akaanza kuyahamishia kwenye lile jitabu kubwa la ngozi nyekundu, kwa mwandiko wa kupamba kama wa watawa wa zamani na picha za rangi, kazi iliyomchukua mpaka karibu 1930 na hakuimaliza. Familia ikakiweka kabatini, baadaye benki, watu hawakukiona mpaka kilipochapishwa 2009. Watu wanaona picha za kitabu chekundu mtandaoni wanataka kuanza na rangi za dhahabu. Anza na jeusi ndugu yangu.

Weka daftari kichwani pa kitanda, kalamu ndani, na tochi ndogo. Ukiamka usigeuke, ndoto ni kama maji kwenye kiganja, ukigeuka tu imemwagika. Baki ulivyolala, shika picha ya mwisho, rudi nyuma kutoka hapo, alafu ndo ukae uandike. Andika kama inatokea sasa hivi: niko stendi, nashika mfuko. Usirekebishe. Kama mjomba wako ndotoni alikuwa na kichwa cha bata andika bata. Weka tarehe, weka na jina la ndoto kama unavyoweka jina la sinema, maana jina linakuonyesha ni nini kilikugusa. Kama hukuota andika umeamka na hali gani, hasira, uzito, wimbo. Siku kumi za mwanzo utapata vipande tu, ni kawaida.

Na simu isiguswe kabla ya daftari, na hapa nina stori inayotuhusu kabisa. Novemba 1925 Jung, miaka 50, alishuka Mombasa, akapanda treni mpaka Nairobi, akaenda zake Mlima Elgon na wenzake wawili, Peter Baynes na George Beckwith, na mama mmoja Muingereza, Ruth Bailey, akaungana nao. Akakaa na watu aliowaita Elgonyi, ni hawa Wasabaot wa leo, anaongea nao Kiswahili cha kuokoteza na kamusi mkononi, na wao walimwita mzee kwa zile mvi. Kila baraza anauliza kuhusu ndoto, watu wanakwepa. Mwisho akaongea na laibon, yani mganga wao, mzee amevaa joho la ngozi za kima, akamuuliza kuhusu ndoto zake, mzee machozi yakamlenga. Akasema zamani laibon walikuwa wanaota, wanajua kama kuna vita au ugonjwa, kama mvua inakuja, ng'ombe wapelekwe wapi. Toka wazungu wamekuja hakuna anayeota tena, ndoto hazina kazi maana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anajua kila kitu.

Hilo nililisoma nikaiangalia simu yangu. DC wangu ananijulisha kila kitu saa kumi na moja alfajiri kabla sijafungua jicho la pili, vita, mvua, bei ya dola, nani kaachana na nani. Sasa ndoto ije kunieleza nini? Nikaanza kuichajia jikoni. Ndani ya wiki mbili ndoto zikaanza kukaa.

Nisiache jambo moja hapa, Jung aliandika kuhusu Waafrika kama vile ni utoto wake yeye, watu wa mwanzo, wa asili, wakati wale wazee wa Elgon walikuwa na mambo yao ya mwaka 1925, kodi ya Muingereza, ng'ombe, watoto. Msome kwa akili hapo.

Kuuliza ndoto bila kitabu cha tafsiri

Sote tumelelewa na zile tafsiri, meno kung'oka ni msiba, nyoka ni adui, samaki mtu ana mimba. Ziweke pembeni kwa sasa. Sio kwamba bibi alikuwa mjinga, ila nyoka wa mtu aliyekulia Kigoma na nyoka wa mtu aliyemuona kwenye TV tu hawawezi kuwa nyoka mmoja.

Njia ya Jung ni kuchukua kitu kimoja kimoja cha ndoto na kuuliza hiki kwangu mimi ni nini, nakijulia wapi, na kurudi tena kwenye kitu chenyewe, usikimbie nacho mbali. Mfano wake mwenyewe ni wa hiyo hiyo safari. Aliota kinyozi, Mmarekani mweusi aliyemnyoa Chattanooga, Tennessee, miaka kumi na miwili nyuma, anamsogezea chuma cha moto kichwani anataka kumfanya nywele ziwe za kipilipili. Akaamka anaogopa. Hakujiuliza nywele maana yake nini, alijiuliza mbona huyu, mbona kutoka Marekani, mbona sasa. Akahitimisha kwamba ndani yake kuna hofu ya kumezwa na Afrika. Mimi naona aliishia njiani. Miezi ile yote kazungukwa na watu weusi, wapagazi, wapishi, wazee wa baraza, na anasema mwenyewe hakuna hata mmoja aliyeingia ndotoni kwake isipokuwa huyo wa Marekani, hilo nalo lilikuwa na la kumwambia. Lakini angalia, hata mimi naweza kubishana naye kwa sababu aliandika ndoto yenyewe jinsi ilivyo, na sio tafsiri peke yake. Ndo maana nakuambia andika bata.

Ya kwangu sasa. Niliota niko kwenye daladala, nimetoa elfu kumi, konda ananirudishia chenji, naangalia mkononi ni senti hamsini zile za zamani, za sungura, nyingi, zina kutu, zinanipaka rangi vidoleni. Jina nikaipa Chenji. Kitabu cha tafsiri kingesema hela ni hela au ni hasara. Nikauliza senti hamsini ya sungura kwangu ni nini. Babu. Babu alikuwa nazo kwenye kopo la tumbaku, zilishapitwa na wakati hazinunui kitu, lakini nikimchotea maji ananipa moja na mimi najiona tajiri. Nikaandika hivyo, nikaona ni kumbukumbu nzuri tu nikafunga daftari. Hapo ndo nilikosea, nilifurahia kumbukumbu nikamsahau konda.

Kushuka kwenyewe

Hii ndo sehemu watu wanaiogopa au wanaikimbilia. Ni kuota ukiwa macho. Jung alianza rasmi tarehe 12 Desemba 1913, amekaa mezani kwake anawaza hofu zake, akaamua kujiachia. Anasema ni kama ardhi ilifunguka chini ya miguu akadondoka, sio mbali, akatua kwenye kitu laini kinachonata, giza, alafu macho yakazoea akaona pango na kijitu kikavu kimesimama mlangoni. Siku nyingine akakuta mzee mwenye ndevu nyeupe na msichana kipofu, mzee akasema mimi ni Eliya, msichana akasema mimi ni Salome, na joka jeusi pembeni. Baadaye akaja Philemon, mzee mwenye pembe za fahali na mabawa ya mdiria, yule ndege wa bluu anayevua samaki. Na siku hizo hizo anamchora, akaokota mdiria kafa kwenye bustani yake kando ya ziwa, ndege ambaye maeneo yale ni nadra kuonekana. Huyo Philemon ndo alimfundisha kitu ambacho bila hicho hatua hii haifanyi kazi: we unadhani mawazo unayatengeneza wewe, kumbe yako kama wanyama porini au watu ndani ya chumba, ukikuta watu chumbani huwezi kusema umewatengeneza.

Unafanyaje. Chagua saa ambayo hakuna atakayegonga mlango. Tegesha alamu dakika ishirini, na hiyo alamu uiheshimu hata kama ndo inanoga, hasa kama ndo inanoga. Kaa kitako, usilale, maana ukilala utalala. Soma kamba yako. Alafu chukua picha moja ya ndoto iliyobaki na uhai, yangu ilikuwa konda, iangalie kichwani bila kuisukuma. Mwanzoni inakaa kama picha ya ukutani. Subiri. Ikijisogeza yenyewe, akigeuza shingo, akikohoa, hapo ndo umeanza. Sasa ongea naye kama wewe, na jina lako na akili zako, na uandike hapo hapo vyote viwili, unachosema na anachosema. Kujua kama ni wewe unayemchezesha kama katuni ni rahisi, akisema tu vitu vya kukusifia ujue ni wewe.

Kipande cha daftari langu:

Mimi: We konda mbona umenipa chenji isiyotumika.
Konda: Ndo uliyonipa.
Mimi: Mi nilikupa elfu kumi.
Konda: Elfu kumi uliwahi kumpa nani kabla yangu?
Mimi: Watu wengi, sijui unauliza nini.
Konda: Basi shuka, gari inaondoka.

Nilikaa na kalamu mkononi mpaka alamu ikalia. Babu alipofariki sikwenda kuzika. Duka lilikuwa jipya, mzigo ulikuwa bandarini, nikatuma rambirambi kwa simu. Elfu kumi.

Ona konda hakunihubiria. Na ona pia hakuwa mpole, kwa hiyo usitegemee upole, ila we nawe usiwe mnyonge. Jung alibishana nao. Kuna sauti ya mwanamke ilikuwa inamwambia unachofanya ni sanaa, akajibu hapana sio sanaa, ni maumbile, na akaendelea kuikatalia maana aliona akikubali atajiona msanii mkubwa na kazi yenyewe itamponyoka. Huyo unayeongea naye akisema ufanye jambo baya kataa kama ungemkatalia mtu mtaani. Akisema wewe ni mteule wa Mungu funga daftari ukaoshe vyombo.

Hisia zikipanda sana Jung alikuwa anafanya mazoezi ya yoga, lakini anasema alifanya mpaka atulie tu alafu anarudi kazini, hakutaka yamfutie kilichokuja. Sisi tuna vyetu, unafagia uwanja, unachukua udhu, unaoga maji ya baridi. Ukitetemeka hakuna ushujaa, simama, taa washa, soma kamba, kesho ipo.

Swali ninaloulizwa kila mara, je hii sio kuita majini? Nakujibu ninavyoelewa mimi. Huiti mtu kwa jina, huchomi ubani, hutoi kitu, huombi kitu, na hao unaoongea nao huwaabudu wala huwatii, unawasikiliza kama unavyosikiliza moyo wako ukikusuta. Na tafadhali usiwaulize namba za mkeka. Jung juu ya mlango wa nyumba yake alichongesha maneno ya Kilatini, ukiita au usipoita Mungu atakuwepo, na mwaka 1959 mtangazaji wa BBC alipomuuliza kama anaamini kuna Mungu alisita kidogo akasema sihitaji kuamini, najua. Kama dini yako inakutuliza ingia nayo humo ndani, ukiona moyo unakataa kabisa basi ishia kwenye ndoto na waya, wala hujapungukiwa.

Kwa wasiopenda kuandika

Chora duara. Vita ya kwanza ya dunia Jung alikuwa kamanda wa kambi ya wafungwa Waingereza kule Château-d'Oex, Uswisi hiyo hiyo, 1917 hivi, na kila asubuhi alichora duara dogo kwenye daftari na kulijaza kwa jinsi anavyojisikia ndani siku hiyo. Siku moja akapokea barua kutoka kwa yule mwanamke wa sanaa (alikuwa mtu halisi pia, ndo maana sauti ile ilimsumbua), ikamuudhi, kesho yake duara likatoka limepasuka pembeni, mpangilio umevurugika. Hakupanga. Chora mwezi mmoja, tarehe nyuma ya kila karatasi, alafu uyatandaze yote sakafuni siku ya mapumziko.

Lipa kwa mikono

Hapa ndo wengi tunakwama, tunakuwa wataalamu wa ndoto zetu na maisha yako vilevile. Jung alikuwa mkali kwenye hili, ukishaona kitu na kukielewa alafu usifanye lolote nacho, kinakugeukia. Yeye alienda mpaka kwenye mawe. 1923, miezi michache baada ya mama yake kufariki, alianza kujenga mnara kule Bollingen, juu ya ziwa hilo hilo la Zürich, akawa anauongeza kwa miaka, hakuna umeme, maji anapampu kisimani, kuni anapasua mwenyewe, jioni anawasha taa ya mafuta. Maneno na karatasi hayakumtosha, ilibidi aishike ile kitu ikiwa jiwe. Ni yale yale ya kando ya ziwa na vijiwe, ila sasa jumba zima. Alikufa 6 Juni 1961, na mpaka uzeeni alikuwa bado anachonga mawe.

Sio lazima mnara. Chagua kitendo kimoja, kidogo, kinacholingana na ndoto, kinachotumia mikono au miguu yako, na ukifanye ndani ya mwezi. Kuomba msamaha kwa sauti, kurudisha kitu, kupanda mti. Kutuma hela kwa simu hakuhesabiki, muulize konda.

Mimi nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi nikaenda kijijini. Kaburi la babu lilikuwa limeota majani mpaka huoni kichwa kiko upande gani, shangazi ndo alinionyesha. Nikang'oa siku nzima, kesho yake nikanunua mifuko miwili ya saruji, nikachota maji kisimani kwa ndoo, nikamwaga ukingo kwa mikono yangu, umepinda kidogo upande wa mguu. Shangazi akaniuliza mbona hukuita fundi, una hela. Nikamwambia nimeamua tu. Akanyamaza, alafu akaingia ndani akatoka na kopo la tumbaku, akasema hili lilikuwa lako toka siku ile, ulikuwa hujaja kulichukua.